Kibati Namba Thelathini na Moja

Mhusika wa kwanza ni Faustini Dagharo, mwenyekiti wa iliyokuwa Kamati ya Kumbukumbu za Mashamba, mkazi wa Karatu, ambaye yu hai, ana afya njema, na bado hukaa benchi la mbele kila Jumapili. Mhusika wa pili ni Nurdini, mfanyabiashara wa sarafu kutoka Arusha, ambaye ni marehemu na kwa hiyo hawezi kujibu. Mhusika wa tatu ni mimi, Paskali, karani mstaafu, niliyeweka sahihi mahali ambapo sikupaswa kuiweka. Nimewapanga kwa uzito wa kosa, na nimejitaja mwenyewe ili asitokee mtu wa kusema kwamba nilijificha nyuma ya kalamu yangu. Ofisi niliyokuwa nikiitumikia siitaji, kwa kuwa kosa hili halikuwa la ofisi. Lilikuwa la mtu, na mtu huyo ana jina.

Nimelazimika kuandika kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Tabea, Mama Agripina, huko Oldeani. Siku ya mazishi mvua ilinyesha tangu asubuhi, na udongo mwekundu wa mlimani ukashika viatu vyetu hata tukatembea kama watu waliofungwa mawe miguuni. Faustini alipewa nafasi ya kuzungumza. Alivaa koti la kijivu, akakohoa kidogo, akasema kwamba marehemu alikuwa hazina ya historia yetu na kwamba yeye mwenyewe, kwa miaka mingi, alimlea mama huyu kama mlezi wa kumbukumbu anavyopaswa. Watu waliitikia kwa vichwa. Mimi nilitazama chini. Nilimtazama tena wakati wa chai, aliponifuata chini ya turubai akiwa na kikombe mkononi na tabasamu la mtu ambaye hajawahi kukosa usingizi. Kabla sijaeleza aliloniambia pale, sharti nieleze mwaka ule mmoja, kwa kuwa bila mwaka ule maneno yake yataonekana kuwa mzaha wa wazee wawili.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini. Chumba nilichopewa kilikuwa nyuma ya jengo la ofisi, zamani kikiwa ghala la kahawa, na harufu ya kahawa kavu ilikuwa haijatoka kwenye mbao za dari. Kulikuwa na meza moja, mashine ya kuchapia iliyokwama kwenye herufi D, kabati la mafaili yaliyofungwa kwa utepe, na dirisha lililotazama barabara ya kwenda Mang'ola, ambako malori ya vitunguu yalipita yakiacha maganda yakipepea hewani. Humo ndimo nilimojifunza kupenda utaratibu. Kila kiti cha ofisi kilikuwa na namba, kila meza, kila jembe, hata birika la chai. Mali isiyo na namba, alisema mkuu wangu wa masjala, ni mali inayosubiri kuibwa. Niliyaamini maneno hayo kama kijana anavyoamini kitu cha kwanza alichofundishwa na mtu mwenye miwani.

Kamati ya Kumbukumbu za Mashamba iliundwa mwaka huohuo. Faustini alikuwa mwenyekiti wake, mwanamume mrefu, msemaji mzuri, anayejua kumwita kila mama kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema. Mashamba ya kahawa ya Oldeani yalikuwa yamebadilisha wenyewe mara kadhaa, na wachumaji wa zamani walikuwa wakizeeka. Kamati ilitaka chumba kimoja cha kuhifadhi vitu vyao: vikapu, madebe, picha, na zaidi ya yote vibati. Kwa asiyejua, kibati kilikuwa kipande cha shaba ya manjano, mviringo, chenye tundu katikati na herufi za shamba pembeni. Mchumaji akijaza debe moja la kahawa mbivu alipewa kibati kimoja, akakifunga kwenye pindo la kanga mpaka Jumamosi, siku ya malipo. Mashamba yalipoacha utaratibu huo, vibati vilibaki vichache katika nyumba za watu, ndani ya vibuyu, chini ya magodoro, kwenye shingo za watoto waliokuwa wagonjwa. Niliagizwa kwenda kuvikusanya, nyumba kwa nyumba, nikiwa na daftari.

Nyumba ya Tabea ilikuwa juu ya kilima, ikitazama mistari ya mikahawa. Nilifika saa ya mchana, jasho likinitoka, na yeye akaniketisha jikoni kwenye kigoda, karibu na moto, akanipakulia makande na kunimiminia maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu kilichonukia moshi. Agripina, binti yake, alikuwa msichana wa shule wakati huo, akimenya viazi mlangoni na kusikiliza kila neno.

“Shikamoo, Mama Agripina,” nilisema.

“Marahaba, Karani. Kula kwanza. Mtu wa serikali akiwa na njaa huandika makosa.”

Nilikula. Nilipomaliza nikamweleza nia ya Kamati. Alinisikiliza huku akifungua pindo la kanga yake, kisha akasukuma kuni motoni. Alisema anacho kimoja, lakini hakikuwa chake. Kilikuwa cha aayo, yaani mama yake. Mama yake, Bibi Hhando, alianguka akiwa na debe kichwani, kwenye mteremko wa chini ya kiwanda, na hakuinuka. Waliokuwa naye walikuta kibati kimoja kwenye pindo la kanga yake, cha debe la asubuhi. Alizikwa ndani ya shamba, mahali ambapo baadaye palipandwa miche mipya, na hakuna aliyeweza tena kuonyesha kaburi. Picha yake haikuwepo. “Basi huyo ndiye aayo,” Tabea alisema, akakiweka kibati juu ya kiganja changu. Kilikuwa na joto, kwa kuwa alikuwa amekikumbatia mkononi tangu nilipotaja neno lenyewe.

“Nakuazima,” alisema. “Si nakupa. Nakuazima. Utakirudisha wewe, kwa mkono wako?”

“Kwa mkono wangu, Mama.”

“Agripina, umesikia? Karani amesema kwa mkono wake.”

“Nimesikia, aayo,” alijibu yule msichana, na hakuacha kumenya kiazi.

Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo, nina hakika, asingelifanya mtu mwingine yeyote duniani isipokuwa karani kijana wa serikali. Niliporudi ofisini na mfuko wenye vibati sitini na viwili, niliogopa visije vikapotea. Nilichukua vile vipande vya chuma vya kugongea namba tulivyotumia kwenye majembe na vitanda, vipande tisa ndani ya kisanduku cha mbao, kwa kuwa sita ikigeuzwa huwa tisa. Nikaketi kwa siku mbili nikiwa na nyundo ndogo, nikagonga namba kwenye kila kibati, chini ya tundu, moja hadi sitini na mbili, nikaandika daftarini kila namba na jina la mwenye nacho. Cha Bibi Hhando kilikuwa thelathini na moja. Kipande cha namba tatu kilikuwa kimevunjika ncha ya juu, hivyo kila tatu niliyoigonga ilitokea ikiwa na upara. Niliona nimefanya kazi nzuri. Sikumuuliza Tabea kama angependa mama yake agongwe nyundo. Jambo hilo halikunijia akilini hata kidogo, na ni miongoni mwa mambo ambayo sijajisamehe.

Miezi michache baadaye Faustini aliniletea karatasi moja ya kuchapa. Ilikuwa orodha ya mali chakavu zinazopaswa kufutwa: majembe yaliyokatika, kitanda cha zahanati, mabati ya zamani, na katika mstari wa mwisho, “vyuma vidogo chakavu, mfuko mmoja.” Nilichapa, nikaweka sahihi ya karani, yeye akaweka ya mwenyekiti. Alisimama nyuma ya kiti changu akinitania kuhusu mashine yangu isiyo na D. “Paskali, ukimwandikia mchumba barua kwa mashine hii, atadhani unamtukana.” Nilicheka. Nilikuwa bado natabasamu nilipokausha wino.

Wiki iliyofuata alinialika kwenye mnada. Mnada tuliokuwa tukiujua sisi ulikuwa ule wa mbuzi, ng'ombe na mitumba, wenye vumbi na nyama choma, kwa hiyo nilishangaa aliponiambia nivae shati jeupe. Alisema kuna waheshimiwa wachache wanaokusanya sarafu za kale, watakutana Jumamosi mchana katika chumba cha kulia cha hoteli moja ya watalii, na wanahitaji mtu mwenye hati nzuri wa kuandika majina ya wanunuzi. “Utakula vizuri,” alisema. Na kweli nililishwa. Kulikuwa na supu ya maboga, kuku wa kukaanga, viazi vilivyokatwa kama vidole, na maembe katika mabakuli ya kioo. Ukutani ilitundikwa ngozi ya pundamilia na mezani kulikuwa na vitambaa vyeupe vilivyopigwa pasi hata vikasimama pembe. Nililishwa kwanza, kisha nikapewa kalamu. Nimelifikiria sana jambo hilo, yaani mpangilio wa mambo hayo mawili.

Nurdini ndiye aliyekuwa dalali. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti laini, na alibeba albamu zenye vifuko vya plastiki ambamo sarafu zilikaa kama mbegu. Wanunuzi hawakuzidi kumi, nao wengi walikaa kimya. Waliozungumza zaidi walikuwa wawili, na walikaa kulia kwangu, hivyo nilisikia kila kitu. Mmoja alikuwa Alhaji Mrisho, mwenye duka la vitambaa Karatu mjini. Mwingine alikuwa mzungu mstaafu aliyewahi kutibu watu katika hospitali moja ya misheni, na wote walimwita Daktari. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu.

“Hela za Mjerumani tena,” Alhaji alinung'unika Nurdini alipofungua albamu ya kwanza. “Hizi kila duka la Tabora lina kopo lake. Mjukuu wangu anachezea bao.”

“Lakini hii ni ya mwaka adimu,” Daktari alisema.

“Adimu kwa nani? Daktari, kitu adimu kisichotakiwa na mtu ni takataka tu. Nyumbani nina vitu adimu vimejaa kabati, na mke wangu anatafuta siku nisafiri avitupe.”

Walicheka. Nilijifunza mengi mchana ule, na sikuwa nimeomba kujifunza. Nilijifunza kwamba ile sarafu ya dhahabu yenye tembo hutajwa kwa sauti ya chini, kama mgonjwa wa ukoo. Nilijifunza kwamba sarafu iliyosuguliwa kwa majivu na limau imekufa, kwa sababu mnunuzi anataka ule weusi wa uzee, na mama mwema anayemng'arishia mgeni sarafu anaitia hasara bila kujua. Nilijifunza kwamba anayetaka kitu sana hasemi anakitaka. Huuliza habari za kitu cha pembeni. Alhaji alinifafanulia hayo kwa kunong'ona, kwa wema, kwa kuwa aliona ninaandika kwa bidii.

Kisha Nurdini akatoa sinia lililofunikwa kitambaa cheusi. Juu yake palikuwa na vibati. Nilivitambua kabla sijasoma namba, jinsi unavyomtambua mtu wa nyumbani kwa mgongo. Vilipangwa kwa safu, vikiwa vimelala kifudifudi na kichalichali, na cha thelathini na moja kilikuwa ukingoni, upande wangu, umbali wa mkono.

Daktari alikichukua cha jirani, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akakunja uso. “Nani punda aliyegonga namba hizi? Vilikuwa vizuri kabisa. Sasa vimeharibika. Ni kama kumpiga ng'ombe chapa kwenye jicho.”

Masikio yangu yaliwaka. Nurdini alinyoosha kitambaa cheusi. Alimtazama Faustini, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, na katika mtazamo ule nadhani uongo ulizaliwa, mbele ya macho yangu, kati ya watu wawili wasiosema neno.

“Daktari,” alisema Nurdini, “mbona hujui unachokishika? Hizo ni namba za wachumaji. Kila mtu shambani alikuwa na namba yake, na kibati chake. Vibati vya kawaida vipo, sawa, lakini vyenye namba? Umewahi kuviona wapi?”

“Sijaviona,” Daktari alikiri.

“Kwa sababu havipo. Muulize Bwana Faustini, mwenyeji wa hapa.”

Faustini alinyoosha suruali yake magotini. “Ndivyo wazee wanavyotusimulia,” alisema.

Chumba kilibadilika. Waliokuwa wakichokonoa meno waliacha. Daktari alikirudisha kibati mahali pake kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu aliyegundua kwamba amekalia kiti cha marehemu. “Basi hivi si vipande vya shaba,” alisema. “Hivi ni watu.” Na tangu alipotamka neno hilo bei ilipanda. Kibati cha kwanza kilipanda kikafika bei ya mbuzi, kikaipita, na kilipofika cha kumi walikuwa wakitaja fedha ambazo kwa wakati ule zingemnunua ng'ombe jike na ndama wake. Alhaji pekee hakutaja dau. Alinigusa kiwiko. “Kijana, mbona umeacha kuandika?” Nilitazama daftari. Ni kweli, nilikuwa nimeacha.

Walipofika cha kumi, Nurdini akasimamisha mnada. Mnunuzi mmoja alilalamika kwamba vingine vimebaki. “Nikivitoa vyote leo nitaiua bei,” Nurdini alisema akicheka. “Kumi mwaka huu. Vingine vilale kwanza. Mtavitamani zaidi.” Alianza kuvirudisha kwenye mfuko, kimoja baada ya kingine. Mkono wangu ulikuwa mezani. Cha thelathini na moja kilikuwa pale, na ile tatu yenye upara ilinitazama. Ningeweza kukichukua. Ningeweza kusimama na kusema, mimi ndiye niliyegonga namba hizi, kwa nyundo ya ofisi, na hiki ni cha Bibi Hhando. Nilikuwa na shati jeupe, tumbo langu limejaa kuku wao, na umri wa miaka ishirini na mitatu. Nurdini akakitia kwenye mfuko pamoja na vingine. Baadaye, katika kazi yangu yote, nimewahi kuwakatalia wakubwa wenye vyeo vya kutisha, nikaitwa mkaidi, nikanyimwa vyeo. Na kila mara nilipokataa nilikuwa ninaunyoosha mkono ule, tena na tena, juu ya meza ile, nikiwa nimechelewa.

Jumatatu asubuhi nilimfuata Faustini ofisini kwake. Alikuwa akinywa chai kwa andazi. Nilimwambia kwamba vibati vile ni vya watu, na vingine viliazimwa. Aliendelea kutafuna.

“Vibati vipi, Paskali?”

“Vilivyouzwa Jumamosi, Bwana Faustini.”

“Vile vilikuwa vyuma chakavu. Vimefutwa. Karatasi ninayo hapa. Unaitambua sahihi hii nyingine?”

Niliitambua. Ilikuwa yangu.

“Ni nzuri sana,” alisema. “Una hati nzuri. Usiichafue kwa maneno.”

Alhamisi nilipokea barua ya uhamisho kwenda Enguserosambu, kusaidia kuandikisha mifugo ya chanjo. Sina ugomvi na Enguserosambu. Watu wake walinipokea vizuri, walinipa maziwa na mahali pa kulala, na wazee wake walinifundisha kumtambua ng'ombe kwa rangi na pembe zake badala ya namba, wakinicheka kila nilipotoa kalamu. Lakini sikupelekwa kule ili nifundishwe. Nilipelekwa ili nisiwepo. Na daftari langu, lile lenye majina sitini na mawili, nililoliacha kabatini, halikuonekana tena.

Kabla ya kuondoka nilipanda kwa Tabea. Hapa sitajipamba. Alinipa kigoda kilekile, akanipa viazi vya kuchoma, na nilipoulizwa habari ya kibati nilisema kimepelekwa Arusha kusafishwa.

“Kusafishwa nini? Kilikuwa kichafu?”

“Ni utaratibu, Mama.”

“Karani, usiniletee utaratibu. Niletee aayo.”

Tangu siku ile, kila niliporudi nyumbani tukakutana, iwe kanisani, mnadani au kwenye harusi ya watu, alinisalimia kwa ukamilifu wote, akaniuliza habari za nyumbani, na mwishoni akafungua kiganja chake cha kulia mbele yangu, kitupu, bila neno. Kisha akakifunga na kwenda zake. Alifanya hivyo hata baada ya kuwa na fimbo mkononi. Alihamishia fimbo mkono wa kushoto kwanza. Miaka mitano baada ya uongo ule nilimweleza ukweli wote. Hakushangaa. Alisema alikwisha kwenda kwa Faustini mara tatu, na Faustini alimwapia kwamba vyote vilichukuliwa na yule wa Arusha, na kwamba mwenye kosa ni karani aliyesaini.

Sasa nirudi kwenye turubai la msiba. Asubuhi ile, kabla ya ibada, Agripina, ambaye sasa ni mwalimu mkuu anayekaribia kustaafu, aliniita pembeni na kunionyesha simu yake. Mwanafunzi wake wa zamani anayeishi ughaibuni alikuwa amemtumia tangazo la mnada wa mtandaoni. Kulikuwa na picha kubwa, safi, ya kibati chenye tundu, na chini ya tundu thelathini na moja, tatu ikiwa na upara. Maelezo yalisema, nayatafsiri kwa uaminifu: kibati adimu cha mchumaji namba thelathini na moja, mwanamume, kiongozi wa genge, kutoka hazina binafsi ya mwanahistoria wa Oldeani, F. Dagharo. Agripina hakulia. Alisoma sentensi ile mara mbili kwa sauti ya darasani, kisha akasema, “Mwanamume. Bibi yangu wamemfanya mwanamume.” Ndani ya nyumba mama yake alikuwa amelala kwenye jeneza. Kwa miaka yote ile kibati kilikuwa Karatu, mwendo wa asubuhi moja kutoka kwenye kiganja chake.

Kwa hiyo Faustini aliponifuata na kikombe chake, nilikuwa tayari.

“Paskali, ndugu yangu. Tunabaki wachache.”

“Kiko wapi?”

“Nini?”

“Thelathini na moja.”

Alikoroga chai ambayo ilikwisha kukorogwa. “Mambo ya kale hayo. Mtu mzima bado una kinyongo?”

“Ndiyo, ninacho.”

Alitazama kushoto na kulia, kisha akainama karibu na sikio langu, na nikasikia harufu ya tangawizi. “Nikuambie kitu. Ungeviacha vilivyo, leo visingefikia bei ya soda. Namba zako ndizo zilizovipa thamani. Ulipaswa kuja kudai fungu lako zamani. Hukuja, ulijifanya mtakatifu.” Akanipiga bega, akaenda kumpa mkono padre.

Wapo watakaosema nimezeeka na nimsamehe. Nimelipima shauri hilo na nimelikataa. Aliyekuwa na haki ya kusamehe ni Tabea, na hakuulizwa. Mimi sina radhi ya kutoa kwa niaba yake, wala siitafuti amani ya namna hiyo. Nataka Faustini Dagharo aaibike akiwa hai, akiwa na akili timamu, mbele ya watu wanaomjua kwa jina. Nilichokosa mchana ule hotelini nimekipata uzeeni, nacho ni kutojali wanavyonitazama.

Kwa hiyo, kwa maandishi haya, ambayo nakala zake nimezipeleka kwa Mwalimu Agripina, kwa baraza la wazee la parokia yetu, kwa serikali ya kijiji na kwa waendeshaji wa mnada husika, nadai mambo yafuatayo. Nadai kwamba Faustini Dagharo akiondoe kibati hicho mnadani kabla mnada haujafungwa, na akikabidhi kwa Agripina, yeye mwenyewe, akipanda kilima kwa miguu yake. Nadai kwamba awaandikie wanunuzi wote, wa zamani na wa sasa, akikiri kwamba hapakuwa na mchumaji aliyeitwa kwa namba, kwamba namba hizo ziligongwa ofisini kwa mikono ya karani, na kwamba yeye alijua. Nadai kwamba ataje kila kibati kilichobaki mikononi mwake na jina la aliyemuuzia kila kilichotoka. Nadai kwamba mkutano wa hadhara uitishwe Oldeani, ambapo mimi nitahojiwa kwanza kuhusu sahihi yangu na uongo wangu, na nitajibu nikiwa nimesimama. Kisha ahojiwe yeye. Na nadai kwamba katika mkutano huo, kabla hajaruhusiwa kukaa, atamke kwa sauti inayosikika mpaka kwa walio nyuma kwamba kibati kile kilikuwa cha mwanamke, kwamba mwanamke huyo aliitwa Bibi Hhando, na kwamba yeye, Faustini Dagharo, alimuuza akijua binti yake anamtafuta. Majibu yake yawe kwa maandishi, yenye jina kamili na sahihi, ndani ya siku thelathini tangu apokee waraka huu.